Mfuko Wenye Namba Nne

Anastazi amefariki. Habari ililetwa na mkwe wangu kwa simu, asubuhi, nikiwa nakata suruali za shule, na jambo la kwanza nililofanya ni kuunyoosha mguu wa kulia chini ya meza na kuukunja tena, polepole, mara kumi, bila kukusudia. Mkwe aliuliza kama nimesikia. Nikamwambia nimesikia. Mguu ule uliwahi kukaa miezi mitatu ndani ya plasta, ukatoka umekonda kama fimbo, na mtu aliyeurudisha kuwa mguu ndiye huyo tuliyekuwa tukimzungumzia. Mazishi yangekuwa Alhamisi. Nilikuwa na siku mbili za kufikiri kama nitakwenda, na inanibidi niseme mapema kwamba nilifikiria kutokwenda. Si kwa sababu ya umbali. Remera, alikokuwa akiishi, si mbali na kwangu. Ni kwa sababu ya mwanamke mmoja aitwaye Venansia ambaye nilijua hatakosa kuwepo. Mwaka tisini na moja nilimtendea jambo ambalo tulilijua watu wawili tu, mimi na Anastazi. Sasa nimebaki peke yangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, fundi wa nguo kwenye baraza moja la mtaa wa Rwezamenyo, hapa Kigali, nikijiona mtu mkubwa. Nilivuka barabara nikiwa na kanzu tatu za wateja mkononi, pikipiki ikanigonga. Kanzu hazikuchafuka, kwa maana nilizinyanyua juu hata nilipokuwa naanguka, na wazee wa mtaa walinisifia hilo wiki nzima. Mguu ndio haukunyanyuliwa na mtu. Mfupa wa muundi ulikatika chini kidogo ya goti. Plasta ilipotolewa, daktari aliandika karatasi na kunielekeza nyuma ya hospitali, kwenye nyumba ndefu yenye bati jekundu. Nilikwenda nikitegemea sindano. Kama si sindano, basi mafuta, mtu wa kunikanda nimelala chali huku nikipumzika, kwa kuwa mtaani kwetu kila familia ilikuwa na mkandaji wake na hakuna aliyewahi kusikia tiba inayomfanyisha mgonjwa kazi.

Nilimkuta mtu mfupi, mtulivu, koti lake jeupe limeshonwa vibaya mabegani. Sisi wa Kiswahili tulimwita Muganga, kama Wanyarwanda wanavyomwita kila mtu wa hospitali, ingawa kazi yake hasa ilikuwa tiba ya viungo. Kiswahili alikiokota kwa madereva wa malori alipokuwa kijana huko mpakani Rusumo, na alikisema bila woga wowote.

"Vua suruali," akaniambia.

"Yote?"

"Mimi sitibu suruali."

Nikavua. Akatoa utepe wa kupimia, uleule wetu sisi mafundi, wa kitambaa chenye ncha za bati, nikashtuka kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. Akahesabu vidole kumi juu ya pia ya goti, akazungusha utepe kwenye paja la kushoto, kisha kwenye la kulia, na akanionyesha. Tofauti ilikuwa sentimita nne. Mimi niliyezoea kuwapima wengine niliona aibu, kama suti iliyokatwa mguu mmoja mwembamba.

"Sentimita nne iko imepotea. Unajua imeenda wapi?"

"Sijui, Muganga."

"Hata mimi. Tutaitafuta." Akaketi mbele yangu, macho yetu yakawa sawa. "Nitakuambia sasa itakuwa namna gani, usiseme kesho nilikudanganya. Mimi nitafanya kazi kidogo, wewe utafanya kazi mingi. Hapa utakuja mara tatu kwa wiki. Nyumbani utafanya kila siku, asubuhi na jioni, hata siku ya hasira. Itauma. Uchungu ya kuisha kabla hujamaliza kula, hiyo ni ya kawaida. Uchungu ya kulala na wewe mpaka asubuhi, hiyo uniambie haraka, kwa sababu hapo ni mimi nimekosea."

"Na dawa?"

Akanigonga paja kwa vidole viwili. "Dawa ni hii. Goti yako haiko mgonjwa tena. Iko inaogopa."

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile na nimetibiwa na watu wenye mashine zinazowaka taa. Hakuna aliyewahi kuniambia, kabla ya kunigusa, uchungu upi utakuwa kosa lake.

Chumba kile kilikuwa kirefu, chenye sakafu ya saruji nyekundu na madirisha upande mmoja, na kilinuka sabuni, jasho na maharage, kwa kuwa nyuma ya ukuta ndiko jamaa za wagonjwa walikokuwa wakipika. Katikati yalisimama mabomba mawili ya maji yaliyolazwa sambamba kwa kimo cha kiuno, mtu atembee kati yake akishika huku na huku. Palikuwa na ngazi ya mbao ya vidato vitatu vya kupanda na vitatu vya kushuka, isiyokwenda popote. Palikuwa na baiskeli isiyo na magurudumu, na kioo kirefu chenye ufa ambacho kila mtu alilazimishwa kujitazama ndani yake akitembea. Anayeingia mara ya kwanza angedhani ni stoo ya vitu vibovu. Baada ya wiki mbili nilikuwa nikikiingia kwa sauti ya chini, kama ninavyoingia msikitini, kwa sababu ya mambo niliyoyaona humo.

Jambo la kwanza lilimhusu Venansia. Tulimwita Mama Roza, kwa jina la bintiye. Alikuwa mwuza viazi vitamu wa Nyabugogo, mwenye mwili mkubwa na sauti kubwa kuliko mwili, na lori lililokuwa likirudi nyuma lilimbana ukutani likamvunja paja. Watu walipokuwa wakisubiri zamu, ukumbi ulikuwa wake. Nakumbuka dereva mmoja aliyeumia bega akijisifia mganga wa mifupa wa kwao Kibungo.

"Anakufunga na majani," alisema, "siku saba uko unacheza ngoma."

"Sasa hapa umefuata nini?" Mama Roza akamwuliza. "Ngoma imekushinda?"

Tulicheka mpaka Anastazi akagonga meza. Lakini mwanamke huyo mwenye jibu la kila mtu alikuwa na paja lisilomjibu. Msuli wa juu ya goti ulikuwa umelala kabisa. Akiutaka ukaze, haukazi. Anastazi alimlaza mkekani, akaweka vidole viwili hapo juu ya goti, akamwambia, "Iite."

"Nimwite nani?"

"Hiyo nyama. Iite ikuje."

"Ina jina?"

"Yewe, Mama Roza. Funga mdomo uite na kichwa."

Akafunga mdomo, akafumba macho, jasho likamtoka kama aliyebeba gunia, na hakuna kilichotokea. Zamu iliyofuata hivyohivyo. Siku tisa nilimwona Anastazi amepiga magoti pale na vidole vyake viwili, hatikisiki, kama mtu anayesikiliza mlangoni. Siku ya kumi nilikuwa nimekaa mkeka wa pili na niliona kwa macho yangu: ngozi ilicheza. Kidogo tu, kama kifaranga anayesukuma ganda kwa ndani. Ikatulia. Ikacheza tena. Hata wale waliokuwa kwenye mabomba walisimama. Mama Roza akafumbua macho na kusema kwa sauti ambayo sikujua anayo, "Imeniitikia." Nimeshona nguo za maharusi wengi, nimeshika watoto wangu sita siku waliyozaliwa, na bado nikiulizwa ni lini niliona kazi ya Mungu kwa karibu zaidi, kinachonijia kwanza ni lile paja la mwuza viazi.

Vita ilikuwa imeanza kaskazini tangu Oktoba ya mwaka uliotangulia, na majeruhi walikuwa wakiletwa kila mara. Anastazi na msaidizi wake mmoja hawakutosha. Ndipo akaweka utaratibu kwamba wagonjwa tufungane mifuko wenyewe na tuhesabiane. Mifuko hiyo ilikuwa ya mchanga, ya kufungwa kifundoni; unakaa juu ya meza miguu ikining'inia, unaunyoosha mguu na uzito wake, unashikilia mpaka mwenzako ahesabu tano, unaushusha. Ile ya zamani ilikuwa imechakaa ikimwaga mchanga sakafuni. Nikajitolea kushona mipya. Nilileta turubai, nikashona mshono wa mara mbili, nikatia tepe pana za kufungia, na juu ya kila mmoja nikatarizi namba kwa uzi mwekundu, moja mpaka tano, kila namba ni kilo zake. Anastazi aliazima mizani ya jikoni, tukapima mchanga mkavu pamoja, kijiko kwa kijiko. Aliushika mfuko wa kwanza akaugeuzageuza, akasema, "Hii itabaki wakati mimi na wewe tumezeeka." Sikuwahi kusifiwa hivyo na mteja. Sheria ya chumba ikawa hii: atakayeinua namba nne mara kumi, goti limenyooka sawasawa, anasainiwa karatasi, anaacha magongo, anakwenda kwake.

Kisha Ramadhani ikaingia. Asiyekuwa fundi wa Rwezamenyo hawezi kujua maana yake. Mwaka mzima tunashona viraka. Mwezi ule mmoja kila nyumba inataka kanzu mpya na magauni mapya, na mteja aliyekosa nguo ya Idi kwako harudi tena maishani. Vitambaa vilikuwa vimejaa kwenye baraza langu, na cherehani yangu ilikuwa ya miguu, ambayo Anastazi alinikataza kuikanyaga kabla ya kusainiwa. Jirani yangu Yusufu, fundi mwenzangu, alikuwa akivitazama kwa jicho la huruma lisilo la huruma. "Sheikh, nikusaidie hizi?" aliniuliza kila jioni tukifuturu. "Usijali, Mungu ataniponya," nilimjibu, nikimwongezea uji.

Anastazi alinihamishia zamu ya asubuhi mapema, kabla funga haijanimaliza nguvu. Sikumwomba, aliuliza tu tunaanza kula saa ngapi, akafuta jina langu kwenye orodha ya saa saba na kuliandika saa moja. Namba tatu niliinua vizuri. Namba nne niliinua mara sita, ya saba goti likatetemeka.

"Bado wiki tatu," akasema.

"Muganga, Idi iko wiki mbili."

"Goti haijui Idi."

Ningemsikiliza, nisingekuwa na kisa hiki cha kuandika. Tepe ya mfuko wa namba nne ilikuwa imelegea kweli, na nikamwambia nitaupeleka nyumbani nikaukaze. Akanishukuru. Kwa seremala wa pili kutoka kwangu nilichota maranda laini, yale ya msumeno. Nikafumua upande mmoja, nikamwaga mchanga kwenye kopo, nikajaza maranda katikati na mchanga kidogo kando kando, ili mkono ukiuminya uhisi mchanga. Nikaufunga. Nilishona vizuri kuliko nilivyoshona kitu chochote mwaka ule. Nilijiambia nadanganya goti langu mwenyewe, na goti ni langu. Nilijiambia pia kwamba Jumatatu ya baada ya Idi nitaurudishia mchanga wake.

Asubuhi yake niliufunga mwenyewe, msaidizi akahesabu, nikainua mara kumi. Anastazi alikuwa upande wa pili wa chumba na askari aliyekatwa mguu. Alikuja mbio, akaniona nikimalizia ya kumi, akacheka kwa furaha mpaka nikaangalia dirishani. "Goti imesikia habari ya Idi!" akasema, akasaini.

Nilishona siku kumi na mbili mfululizo. Kila mteja alipata nguo yake, na Yusufu alibaki na huruma yake. Lakini siku ya Idi sikuweza kusujudu. Goti lilikuwa limevimba kama papai, nikaswali nimekaa kwenye kiti nyuma ya safu pamoja na vikongwe, mimi kijana, ndani ya kanzu niliyoishona mwenyewe. Jumatatu ikafika. Sikwenda. Ningeingiaje na goti lile mbele ya mtu aliyenisaini kwa furaha? Jumatatu ya pili ikapita, na ya tatu. Kopo la mchanga lilikuwa chini ya meza yangu na kila nilipolikanyaga nilisema kesho.

Hata leo sielewi vizuri kwa nini haikunijia kichwani kwamba mfuko ule unavaliwa na watu wengine. Nilijua. Niliushona kwa ajili yao. Lakini kuna kujua kwa kichwa na kuna kujua kwa kuogopa, na hofu yangu yote nilikuwa nimeitumia kwa ajili ya Idi.

Maumivu yalipozidi nilirudi. Nilimkuta Anastazi peke yake, amekaa sakafuni amekunja miguu, mizani ya jikoni mbele yake, mifuko yangu mitano imepangwa mstari. Wa namba nne ulikuwa umepasuliwa juu ya gazeti, na maranda yamemwagika. Hakusimama. Aliinua turubai tupu akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha.

"Mshono ya upande hii," akasema, "na ya upande hii. Mkono ni moja?"

"Ni mmoja, Muganga. Ni mimi."

Akairudisha turubai juu ya gazeti. Nyuma ya ukuta mama mmoja alikuwa akimgombeza mwanawe kwa sababu ya chumvi. Kisha akanieleza, bila kupandisha sauti. Mama Roza aliinua namba nne mara kumi wiki mbili zilizopita. Watu walimpigia makofi. Yeye Anastazi alisaini. Mama Roza akaenda kwake Kinyinya bila magongo, na siku ya tatu akateremka kilima na ndoo ya maji kichwani kama alivyozoea maisha yake yote. Goti likamkatalia. Pia ya goti imepasuka. Yuko wodini, plasta mpya mpaka kiunoni, na hakuna ajuaye kama mguu ule utakunjika tena.

"Nilifikiri mikono yangu imezeeka," akasema. "Siku nne sikulala. Ndio nikaazima mizani."

Nilianza kulia na kusema maneno mengi. Akaninyamazisha kwa kiganja. "Karatasi yake, nani alisaini?"

"Wewe, Muganga."

"Basi. Kuja."

Nilimfuata mpaka wodini nikichechemea. Nilidhani ananipeleka nikabidhiwe kwa yule mama kama mwizi. Mlangoni aliniacha nisimame, akaenda peke yake mpaka kitandani, akavua koti lake jeupe akalikunja mkononi. Wodi ilikuwa imejaa. Watu walikuwa wakila viazi na maharage, wakaacha kutafuna.

"Mama Roza," akasema, "nimekukosea. Nilikuambia mguu iko tayari, na haikuwa tayari. Sikupima vizuri. Mfuko ilikuwa nyepesi na mimi sikuishika na mkono yangu. Kosa ni yangu. Nakuomba unisamehe."

Kabla ya siku ile sikuwahi kuona, na tangu hapo nimeona mara chache sana, mtu wa koti jeupe akimwomba radhi mwuza viazi mbele ya watu. Mama Roza mwenyewe hakuwa ameona. Alimtazama huku machozi yakimteremka mashavuni, kisha ulimi wake ukamrudia. "Mwanaume anaomba msamaha!" aliwaambia jirani zake wa kitanda. "Mwandike siku!" Halafu akamshika mkono. "Nimekusamehe, Muganga. Lakini safari hii unipime na jiwe." Wodi nzima ikacheka. Mimi nilikuwa mlangoni, hatua sita kutoka pale. Maneno manne yangetosha. Sikuyasema.

Nje nilimwuliza Anastazi kwa nini hakunitaja. Alishangaa kidogo. "Mfuko ya mgonjwa inashikwa na mimi kabla ya kufungwa. Hiyo ndio kazi. Mimi niliacha."

"Nimwambie mwenyewe?"

"Hiyo iko kwa mdomo yako, haiko kwa mdomo yangu. Lakini utakuja kumhesabia." Kisha, kana kwamba hakuna lililotokea, akainama akanishika goti lililovimba. "Na hii imelala na uchungu siku ngapi bila kuniambia?"

Nilimhesabia Mama Roza miezi saba. Nilifunga baraza mapema siku tatu za kila wiki, nikaja, nikakaa kando ya mkeka wake. Tulianza tena na vidole viwili, tena na "iite", na safari hii paja lilichukua siku kumi na tisa kuitikia, na lilipoitikia aliukamata mkono wangu akauminya hadi nikaumia. Nilimwona akikunja goti mpaka mahali fulani, akilia, na wiki iliyofuata likaenda upana wa kidole zaidi, Anastazi akipima na kuandika upana ule kama mtu anayeandika habari ya mvua. Nilimwona akisimama katikati ya mabomba akiachia mkono mmoja, kisha wa pili, akajitazama kwenye kioo chenye ufa. Hakuna hata siku moja nilipoizoea. Mwili wa binadamu ukifundishwa kwa subira unasahau kuogopa. Nililiona hilo likitokea mbele yangu kwa mtu niliyemwumiza, na ilikuwa kama kuonyeshwa rehema kupitia dirisha la nyumba usiyoruhusiwa kuingia.

Naye alinipenda. Aliniletea viazi vilivyochomwa kwenye gazeti. Kila tulipomaliza alisema, "Fundi, wewe si ndugu yangu, si dini yangu, unaacha kazi yako unanihesabia. Mungu akuwekee." Kila siku, miezi saba. Kila siku nilifungua mdomo, na kila siku nikasema, "Amina, Mama Roza." Desemba alisainiwa, baada ya Anastazi kupima mfuko mbele yake kwenye mizani, na akaondoka akiburuza mguu kidogo, akiimba. Yaliyotufika miaka mitatu baadaye sitayaingiza hapa; kila mtu wa Kigali ana yake, nayo yangemeza kila kitu. Niseme tu kwamba sisi watatu tulibaki hai, tukawa tunapata habari za kila mmoja kwa mbali, na mimi nilihakikisha mbali inabaki mbali.

Alhamisi nilikwenda. Uani kulikuwa na hema, viti vya plastiki, picha ya marehemu mezani, na watu wengi wenye magongo kuliko nilivyowahi kuona kwenye msiba. Walitoa nafasi ya ushuhuda. Venansia alisimama wa tatu. Amezeeka, nywele nyeupe, sauti ileile.

"Huyu mtu alinikosea mara moja," akasema, "akanitengeneza mara mbili. Alinipima vibaya nikaanguka, lakini alikuja kitandani akaniomba msamaha, na koti yake ameivua. Kisha akanirudisha mwanzo. Mwaka tisini na nne mguu huu ulitembea kutoka Kinyinya mpaka karibu na Byumba, na mtoto wa dada yangu mgongoni. Kwa hiyo kosa lake nalisema hapa bila aibu, mjue alikuwa mtu wa namna gani."

Watu walitikisa vichwa kwa upole. Niliwaona watoto wa marehemu wakiinamisha nyuso. Mtu yule alikuwa anazikwa na kosa langu, tena kwa sifa, na hakukuwa na mwingine aliyebaki duniani wa kumtua. Nikasimama.

"Naitwa Idrisa, fundi nguo. Marehemu hakupima vibaya. Mfuko niliushona mimi. Nilitoa mchanga nikatia maranda ili nisainiwe kabla ya Idi, na sikuurudisha. Yeye alilijua hilo. Hakunitaja. Mama Roza, ni mimi."

Nilisikia mtoto akivuta Fanta kwa mrija. Venansia alikuwa bado hajakaa. Alinitazama kana kwamba anatafuta uso wa kijana ndani ya uso huu.

"Maranda?" akauliza.

"Maranda, Mama Roza."

"Na ukanihesabia miezi saba."

"Ndiyo."

"Nikakuombea Mungu kila siku."

"Ndiyo."

Mtoto mkubwa wa marehemu alitaka kusema kitu, Venansia akamzuia kwa mkono. Alikaa polepole, akapanga kitenge chake magotini, na muda ule wote mimi nilikuwa nimesimama.

"Yule nilimsamehe palepale kitandani," akasema hatimaye, "na kumbe hakuwa na kosa. Wewe ndio kwanza nakuanza leo. Na mimi ni mzee, fundi. Haitakuwa haraka." Akasukuma mkoba wake kutoka kwenye kiti cha pembeni. "Kuja ukae hapa nikuone."

Nilipita mbele ya watu wote, nikaenda nikakaa. Hakuniambia neno jingine siku ile.